Naanza kujifunza rotari na gari la kwanza ni Crown nyeusi. Nianzie wapi?

kimara_mwisho

Wakuu habari za jioni. Nafanya kazi sehemu ya kuoshea magari huku Kimara, mimi ni mtu wa maji, sabuni na vakyumu. Sasa bosi kaleta mashine ya kupolishi, rotari ya volti 220, spidi namba 1 mpaka 6. Imekuja na pedi moja ya manyoya na sponji mbili, ya njano na nyeusi. Kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, ipo chupa moja. Kanipa simu niangalie video, Jumamosi nianze na Toyota Crown nyeusi ya mteja. Gari limejaa yale madoa meupe ya maji ya kisima, na juani unaona mikwaruzo ya mviringo mwili mzima.

Naomba kujua spidi ngapi, nianze na manyoya au sponji, na hii habari ya rotari kuchoma rangi ikoje? Inachomaje wakati kinachogusa gari ni sponji?

spea_mtumba

Mkuu uzeni hiyo mashine mnunue DA, ile inayozunguka huku inatikisika. Hata asiyejua akiishika, rangi haiungui kirahisi. Rotari waachie mafundi rangi, utalipa boneti ya mtu.

fundi_keko

Spea, DA ni nzuri, sibishi. Lakini dogo kaletewa rotari na bosi hatanunua nyingine wiki hii, kwa hiyo tumsaidie na aliyonayo.

Dogo, la kwanza mwambie bosi kazi ya Crown isogezwe mbele. Nyeusi haifichi kitu. Nenda Gerezani kwa wauza spea za mtumba, tafuta boneti iliyobondeka ya rangi nyeusi yenye rangi ya kiwandani, ulaze juu ya matairi mawili ufanyie mazoezi hapo. Mwambie bosi ni rahisi kuliko kupiga rangi upya boneti ya Crown, atakuelewa haraka sana.

Kuchoma sasa. Magari mengi ya siku hizi juu ya rangi kuna klia, yaani tabaka angavu linalokinga rangi na kuipa mng'ao. Ile ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 40 hivi, pengine 50 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Karatasi ya fotokopi ni maikroni 100, kwa hiyo unachezea kitu kisichozidi nusu ya karatasi. Rotari inazunguka kwenye ekseli moja, haitikisiki, nguvu yote ya mota inashuka kwenye pedi. Pedi ya inchi 7 ikizunguka mara 1500 kwa dakika, ukingo wake unapita juu ya rangi kwa mita 14 hivi kila sekunde. Ukisimama sehemu moja joto linapanda, klia inalainika, inavutika, kisha unaona rangi yenyewe. Hapo hakuna kompaundi ya kukuokoa, ni spreya tu.

Na haianzi kuungua katikati ya boneti. Inaanza kwenye kona, kwenye ile mistari ya bodi iliyoinuka, na ukingoni. Klia hapo ni nyembamba na pedi inakandamiza sehemu ndogo kwa nguvu yote. Piga maskintepu sehemu hizo zote, pamoja na raba za madirisha, nembo na plastiki nyeusi. Mwanafunzi asiyepiga tepu mimi simpi mashine.

Halafu jua pedi inakwenda wapi. Ukiitazama kutoka juu inafuata mshale wa saa. Umesimama na ukingo wa boneti uko upande wako: upande wa kulia wa pedi ndio unaokuja kwako, yaani unatoka nje ya boneti. Ukingoni tumia huo. Upande unaoingia kutoka nje utadaka ukingo na kuuchuna, na mashine itakuruka mikononi. Waya pitisha begani, usiburuzike juu ya gari.

Spidi: soma kibao cha mashine, nyingi zinaanza mizunguko 600 na kuishia 3000. Kutandaza kompaundi, 600. Kazi yenyewe 1200 mpaka 1500. Juu ya hapo sahau kabisa kwa sasa. Na mtu akikushauri ufunge sponji kwenye grainda, mkatalie, grainda ndogo inapita mizunguko elfu kumi.

Manyoya yanakula haraka, yaweke kabatini. Anza na sponji, na usifuate rangi yake kwa sababu kila kampuni ina mpangilio wake. Bonyeza kwa kidole, ngumu inakata, laini inamalizia. Fanya eneo la nusu mita kwa nusu mita. Weka matone manne madogo ya kompaundi, yapakaze na pedi mashine ikiwa imezimwa, la sivyo yataruka mpaka kwenye kioo cha jirani. Washa pedi ikiwa imeshagusa rangi. Nenda polepole, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia, kisha urudie ukikatiza ile njia ya kwanza. Pedi ilale. Ukiiinamisha unakata kwa ukingo tu na unaacha mistari. Usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Kompaundi ikianza kuwa nyembamba kiasi cha kuona rangi chini yake, simama. Ikikauka imekuwa vumbi linalokwaruza.

Gusa rangi kwa mgongo wa mkono kila baada ya eneo moja. Vuguvugu sawa. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, pumzika. Na sikiliza mota, ikibadilisha sauti kama inazama, ama pedi imekauka ama unakandamiza.

Mengine mpaka uulize, vidole vimechoka.

dada_harrier

Naomba kudandia. Harrier yangu nyeusi ilipolishiwa mahali, jioni nikakabidhiwa nikafurahi. Baada ya kuliosha mara mbili tatu, nikiwa sheli usiku chini ya taa nikaona mawimbi boneti zima, yanahama nikisogea. Ndiyo hiyo mistari unayosema fundi?

fundi_keko

Ndiyo hiyo dada. Ni mikwaruzo midogo sana ya kompaundi kali, imefuata njia ya pedi. Siku unakabidhiwa mafuta ya kompaundi yalikuwa yameijaza, sabuni imeyatoa. Inatoka kwa sponji laini na polishi ya kumalizia, kama klia bado ipo ya kutosha. Kabla ya kulipa siku nyingine, mwambie fundi afute kipande kwa spiriti iliyochanganywa na maji, mkitazame wote juani. Akikataa, unajua la kufanya.

Dogo, umesema mna kompaundi tu, ya kumalizia haipo. Basi Crown nyeusi haiguswi mpaka inunuliwe. Sisemi mara mbili.

ngara_nbi

Niko Nairobi, niongeze machache. Kama bosi anaweza kupata kile kipimo cha unene wa rangi, anunue. Rangi ya kiwandani kwa jumla mara nyingi inasoma maikroni 100 hadi 150. Ukipata 300 na zaidi, hapo palipigwa rangi tena, pengine kuna puti chini, na huwezi kujua klia yake ni nzuri ama ni ya haraka haraka. Enda pole.

Bampa ni plastiki, haisambazi joto kama bati. Punguza spidi na usikae mahali pamoja.

Pia kuna nyeupe za zamani, kama ile 040 ya Toyota, nyingi hazina klia. Pedi ikigeuka nyeupe usishtuke, ni rangi yenyewe inatoka. Lakini hiyo Crown ikikutolea weusi kwenye pedi, zima mashine.

kimara_mwisho

Asanteni sana wakuu. Bosi amenuna kidogo ila pesa ya boneti katoa, na mteja kaambiwa asubiri. Yale madoa ya chumvi nayo ni ya mashine?

fundi_keko

Si yote. Siki nyeupe nusu, maji nusu, gari likiwa limepoa na liko kivulini. Weka kitambaa chenye hiyo siki juu ya doa dakika moja mbili, suuza kwa maji mengi. Chumvi iliyo juu inayeyuka. Litakalobaki limeshakula klia, hilo ndilo la polishi, na kama limezama sana liache, utakula klia yote ukilifukuza. Na mwambie bosi gari lisiachwe likaukie juani na maji ya kisima, lifutwe palepale, ama mtakuwa mnapolishi madoa yenu wenyewe.

Boneti ukiipata piga picha juani, nusu iliyofanyiwa na nusu isiyofanyiwa, weka hapa.