Je, mtoto wa miaka minne anaweza kufikiri juu ya fikra zake mwenyewe?

Mwalimu wa Awali ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha watoto wa miaka minne na mitano, na mwongozo wetu unatutaka tuwakuzie metakognisheni, yaani uwezo wa mtu kujua analolijua na asilolijua, na kusimamia mwenyewe namna anavyojifunza. Kila nikiuliza "Umejuaje?" ninajibiwa "Najua tu." Juzi mtoto mmoja alikuwa akiunganisha picha ya vipande 12, akakwama kwenye kipande kimoja, akakigeuza mara tatu, kisha akakiweka kando ya goti lake na kuchukua kingine. Nilipomuuliza alikuwa akiwaza nini, alinitazama tu. Je, tunawadai watoto hawa jambo ambalo umri wao haujafikia?

Mwanasaikolojia wa Watoto amejibu:

Mwalimu, shaka yako ina msingi. John Flavell, Mmarekani aliyeasisi dhana hii katika miaka ya 1970, pamoja na wenzake waliwapa watoto picha za kukariri na kuwaambia watoe ishara watakapokuwa na hakika kwamba wamezishika zote. Wale wadogo walitoa ishara mapema, na walipoulizwa wakawa wamesahau baadhi, ilhali wa shule ya msingi walijipima vizuri zaidi.

Hata hivyo, hilo ni nusu ya habari. Mwaka 2016 watafiti nchini Ufaransa walificha kitu cha kuchezea mbele ya watoto wa miezi 20 na kuwataka waoneshe kilipo. Watoto waliokuwa wamezoeshwa kwamba mzazi anaweza kuwasaidia walimgeukia zaidi pale ambapo hawakuwa na uhakika, hata kabla ya kuwa na maneno ya kusema "sijui". Kwa hiyo hisia ya kutojua hutangulia, na lugha ya kuielezea huja nyuma yake kwa miaka. Mtoto wako alipokiweka kipande kile kando, alikuwa amekwisha kukujibu kwa mkono wake.

Mlezi Mkongwe amejibu:

Namuunga mkono ndugu aliyetangulia, na ningependa kugusia wakati wa kuuliza. "Ulikuwa unawaza nini?" ni swali linalomtaka mtoto akumbuke wazo ambalo limeshapita, na hata sisi watu wazima hutushinda. Muulize kabla hajaanza: "Utaanza na kipi?" Akikwama, mtajie unachokiona: "Naona umekigeuza mara tatu, bado hakijaingia." Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu, lakini ndimo mtoto anamopata nafasi ya kujisimamia.

Vilevile, fikiri kwa sauti mbele yao, na ukosee kweli: "Ngoja kwanza. Kipande hiki kina upande ulionyooka, basi huenda ni cha ukingoni. Hapana, rangi haifanani, nijaribu kwingine." Watoto wakianza kujisemea wenyewe wanapofanya kazi, tafadhali usiwanyamazishe. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky aliona kwamba maneno hayo ndiyo chombo cha mtoto cha kujiongoza, nayo huingia ndani polepole hadi kuwa fikra za kimyakimya. Inaniuma sana ninapoona darasa lililonyamazishwa likisifiwa kuwa na nidhamu.

Mzazi wa Watatu amejibu:

Naomba kutofautiana kidogo. Tusiugeuze kila mchezo kuwa mahojiano. Binti yangu alikuwa akijenga mnara, nami nikamuuliza maswali mfululizo mpaka akauacha na kuondoka. Siku hizi nauliza mara moja tu, na mara nyingine siulizi kabisa. Pia akisema atakumbuka vitu vyote kumi, simkatishi. Namwacha ajaribu, kisha tunahesabu pamoja alivyokumbuka. Kujiamini kupita kiasi katika umri huo humfanya athubutu, na sioni haja ya kumvunja moyo.

Mwalimu wa Awali ameongeza:

Asanteni sana, nimepata mwanga. Leo nimekaa karibu na mtoto yuleyule bila kumuuliza lolote, nikawa naunganisha picha yangu na kusema ninachokifikiri, pamoja na makosa yangu. Baada ya muda alikichukua kipande kilichomshinda, akakitazama, akakirudisha kando ya goti lake na kujisemea kwa sauti ndogo: "Hiki bado. Kwanza natafuta macho." Nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, na kesho nitaanza kusikiliza na wengine wanajisemea nini.