Huduma kwa wateja mtandaoni: roboti, fomu, simu au kulalamika hadharani?

Mzee wa Risiti
Wakuu, nimekatwa malipo mara mbili kwa bidhaa moja. Muuzaji (simtaji) anapokea malalamiko kwa njia nne: roboti ya kuchati, fomu ya kwenye tovuti, simu na kurasa za mitandao ya kijamii. Roboti nimeshaionja. Naandika "nimekatwa mara mbili", inajibu "Asante! Ungependa kujua jinsi ya kulipa?" Nikiomba kuongea na mtu, inanirudisha kwenye menyu ile ile. Mliowahi kupigwa danadana, njia ipi inazaa matunda?

Binti Skrini
Fomu, ila si kila fomu. Kabla hujajaza, angalia kama ina sehemu ya kuambatisha risiti, na ukishatuma hakikisha umepewa namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo, kesho huna pa kuanzia. Maelezo yaandike pembeni kwanza, ndipo uyabandike. Fomu nyingi zina muda wake: ukichelewa kidogo kutafuta namba ya muamala, unabofya "Tuma" unaambiwa uingie upya, na ukirudi visanduku vyote vitupu. Nyingine inakataa namba ya simu kwa sababu umeweka alama ya kujumlisha au nafasi katikati. Haisemi kosa ni nini, inapaka wekundu tu. Hivi waliotengeneza waliwahi kuijaza wenyewe?

Kobe Mpole
Simu. Utabonyeza moja, utabonyeza tatu, utasikiliza muziki mpaka uukariri, lakini utampata binadamu.

Mzee wa Risiti
@Kobe Mpole, hiyo simu nimeipiga. Sauti iliyorekodiwa ikaniambia "kwa huduma ya haraka, tembelea tovuti yetu", kisha ikakata.

Wakili wa Kibarazani
Msiidharau roboti, mradi mpige picha ya skrini. Kuna abiria wa Air Canada aliyefiwa, roboti ya shirika ikamwambia anunue tiketi kwanza, nauli nafuu ya wafiwa aiombe baadaye. Alipoomba, akanyimwa. Shirika likajitetea kwamba haliwezi kubebeshwa maneno ya roboti. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, likaukataa utetezi huo: kila kilichomo kwenye tovuti ni wajibu wa kampuni, kiwe ukurasa wa kawaida au roboti. Likaamuru alipwe. Picha ya skrini ilikuwa sehemu ya ushahidi wake.

Chumvi
Hadharani wanajibu upesi, sikatai, ila jibu ni "njoo faragha", na huko unaanza kueleza upya. Halafu matapeli wanavizia wanaolalamika. Akaunti yenye nembo ya kampuni inakujia kwa upole, inaomba namba ya kadi "ili turudishe pesa". Usitoe.

Binti Skrini
@Mzee wa Risiti, ulilipa kwa kadi? Basi benki yako ina utaratibu wa kupinga muamala. Uliza mapema, maana una tarehe ya mwisho, na wao watataka kuona kwamba muuzaji ulimwandikia kwanza.

Mzee wa Risiti
Kwa kadi, ndiyo. Benki nitawaona. Fomu nayo imepita baada ya kufuta ile alama ya kujumlisha, namba nimepewa. Barua pepe ya uthibitisho imeanza na "Tafadhali usijibu ujumbe huu". Chini kabisa: "Ukiwa na swali lolote, jibu ujumbe huu."