Teknolojia mpya: mtengenezaji ajipime mwenyewe, au apimwe na mwingine?

Chunguza (mleta mada)

Wakuu, salamu. Kila kukicha kuna kitu kipya: gari linalojiendesha, programu inayomsaidia daktari kusoma eksirei, mfumo wa kutambua sura za watu. Nani atuhakikishie kwamba kinafanya kazi inavyodaiwa? Aliyekitengeneza, au mtu asiyelipwa naye?

Msimamo wangu nausema mapema: aliyetengeneza asijipe cheti. Angalieni Boeing 737 MAX. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka Indonesia, wakafa watu 189. Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, wakafa 157. Ndege hizo zilikuwa na mfumo unaoitwa MCAS, unaoweza kuinamisha pua ya ndege bila rubani kuamuru. Ndege ina vihisi viwili vya kupima pembe yake dhidi ya upepo, lakini MCAS ilikuwa inasikiliza kimoja tu. Kihisi hicho kikidanganya, hakuna wa kukisahihisha. Rubani anainua pua, mfumo unaishusha, anainua tena, unaishusha tena.

Sasa kazi ya kuhakiki ndege ile ilifanywa na nani? Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikasimu sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa wafanyakazi wa Boeing wenyewe. Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, halafu tunashangaa hukumu. Karibuni tujadili.

Spana

Mkuu nakuheshimu, ila mfano wako una upande wa pili ambao hujausema. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Boeing aliwauliza wenzake kwa barua pepe kama MCAS haiko hatarini kihisi kimoja kikiharibika. Swali lenyewe kabisa! Na lilitoka ndani, kwa mtu anayeujua mtambo, miaka mitatu kabla ya ajali ya kwanza. Kwa hiyo maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsikiliza.

Hao "wakaguzi huru" nao tusiwafanye malaika. Kuna kampuni ya Ufaransa iliyoitwa PIP, ikitengeneza vipandikizi vya matiti. Ilikuwa na ithibati ya Ulaya kupitia TÜV Rheinland ya Ujerumani, taasisi ya nje kabisa. Wakati huohuo PIP ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani badala ya ile ya kitabibu. Mkaguzi anatoa taarifa kwamba anakuja, kiwanda kinasafishwa, makaratasi yanapangwa, anasaini, anaondoka. Mambo yalikuja kulipuka mwaka 2010, wanawake wengi wakiwa tayari wamewekewa. Na ada ya ukaguzi mnajua ilitoka mfukoni mwa nani.

Mimi kazi yangu ni programu. Toleo la Januari likipata cheti, Machi tayari tumebadilisha nusu yake. Cheti hicho kinathibitisha nini?

Drip

Nachangia kutoka wodini, maana huko ndiko vifaa vyenu vinakofikia.

Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni mnakijua wote tangu wakati wa korona. Kinapitisha mwanga kwenye ngozi na kukadiria oksijeni iliyomo kwenye damu. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha usomaji wake na vipimo vya damu yenyewe. Kwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma kati ya asilimia 92 na 96, yaani namba ambazo muuguzi akiziona hatishiki sana, damu ilikuwa kweli iko chini ya 88 kwa karibu watu 4 katika kila 100 wa ngozi nyeupe. Kwa weusi ni karibu 12. Kifaa kimekuwepo hospitalini miongo kadhaa, kimepimwa, kina vyeti vyote. Hakuna aliyeghushi kitu. Shida ni kwamba waliopimwa nacho wakati wa kukihakiki wengi wao walikuwa wa rangi moja.

Mfano wa pili ni programu ya kampuni ya Epic ya kutabiri sepsisi, yaani maambukizi yanapouzidi mwili nguvu. Kwenye kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kubahatisha na 1 ni kupatia kila mara, mtengenezaji alisema inapata kati ya 0.76 na 0.83. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliijaribu kwa wagonjwa wao wenyewe wakapata 0.63, na iliwakosa wagonjwa wawili kati ya kila watatu wenye sepsisi. Wakati huo ilikuwa inatumika kwenye mamia ya hospitali.

Kwa hiyo mimi siulizi nani kasaini. Nauliza kilipimwa kwa nani.

Bila_Chenga

Kumbe wa kujaribiwa ni sisi, tena tunalipia.

Spana

@Drip umenigusa, sibishi. Lakini wanaotaka kila kitu kipimwe mpaka kiishe kabla ya kutoka, wapige hesabu kwanza. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilikokotoa kwamba ili uonyeshe kwa takwimu kuwa gari linalojiendesha haliui watu zaidi ya dereva wa kawaida wa Marekani, inabidi liende maili milioni 275 bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakitembea usiku na mchana, kwa mwendo wa maili 25 kwa saa, ni zaidi ya miaka 12. Na ukibadilisha programu katikati, unaanza upya.

Kwa hiyo kuna vitu havitapimika vikaisha maabara. Toa kidogo kidogo, angalia, endelea. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, walituma sasisho bovu kwa wateja kwa mpigo, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, viwanja vya ndege vikasimama. Walikuwa na programu ya kukagua masasisho kabla hayajatoka. Nayo ilikuwa na hitilafu, ikalipitisha. Wangetangulia na mashine chache tu, wangeliona ndani ya dakika.

Chunguza

Spana, huo mfano wa mwisho ni wangu, umenichukulia! Programu ya ukaguzi ya mtengenezaji imepitisha kosa la mtengenezaji.

Ila nakubali PIP inanibana. Sasa nawaletea Volkswagen. Magari yao ya dizeli yalikuwa na programu inayotambua kuwa gari liko kwenye mashine ya kupimia: magurudumu yanazunguka, usukani umetulia. Hapo linapunguza moshi. Likirudi barabarani linatoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari yapatayo milioni 11. Maabara za serikali hazikuona. Walioona ni timu ndogo ya Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo kwenye buti la gari wakaingia nalo barabarani. Hawakuwa na mamlaka yoyote. Walikuwa na gari, na hakuna aliyewapangia waliendeshe wapi.

Hapo nabadilisha dai langu kidogo. Mtengenezaji ajipime, ni sawa, na ni wajibu wake. Ila mazingira ya kipimo kimoja angalau yachaguliwe na mtu mwingine, kwa kushtukiza, na matokeo yawekwe hadharani hata yakiwa mabaya. Sheria ya Ulaya ya akili mnemba ya 2024 inaruhusu mifumo mingi inayoitwa ya hatari kubwa kukaguliwa na mtengenezaji wake mwenyewe, ndani kwa ndani. Kwa maoni yangu hapo wamechemka.

Spana

Kushtukiza na kutangaza nakubali. Gari unaweza kulinunua dukani ukalifunga vipimo. Programu inayokaa kwenye seva ya mtengenezaji mwenyewe utaishtukizaje? Anaona maombi yako yanatoka wapi, anakupa toleo zuri, hadithi ya Volkswagen inarudi palepale.

Drip

Hospitali inayo kumbukumbu: mfumo ulisema nini, mgonjwa akawaje. Haihitaji kumshtukiza mtu. Tatizo mikataba mingi inafungia taarifa hizo kama siri za kibiashara. Anzeni na hicho kifungu.

Chunguza

Nani humu anafanya manunuzi ya mifumo atuambie kama kifungu hicho kinaweza kukataliwa mezani, au ndiyo saini au uende?