Ganuni imefifia kwenye spika zangu: nianze kutengeneza wapi?

Msikilizaji wa Mkunazini

Assalam alaykum nyote. Nina amplifaya ya stirio ya wati 40 kwa kila upande, pamoja na jozi ya spika za mbao zenye besi ya inchi 8 na twita moja (kispika kidogo cha sauti za juu) juu yake, ambazo marehemu baba alirudi nazo kutoka Dubai katika miaka ya 1990. Nasikiliza taarab asilia karibu kila usiku baada ya Isha, na siku zote nilijiona nimeridhika, mpaka mwezi uliopita nilipohudhuria mazoezi ya kikundi kimoja nikakaa hatua chache tu kutoka kwa mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa mapajani. Niliporudi nyumbani nikaweka sidii yenye wimbo uleule, nikahisi kama ganuni imetiwa ndani ya mto. Nyuzi nazisikia zikilia, lakini ule mguso wa risha (kidude cha kudonolea nyuzi) unaoutangulia mlio wenyewe haupo kabisa, na vitoazi vya rika (visahani vidogo vya lile dufu dogo) vimekuwa kama mchele unaopepetwa nyumba ya tatu.

Nimezungusha kitufe cha trebo (sauti za juu) hadi mwisho, na kilichoongezeka ni ukali tu. Herufi "s" na "sh" za mwimbaji zinachoma masikio, fidla zinakwaruza, na risha bado siisikii. Chumba kiko ghorofani katika nyumba ya mawe. Upana wake hauzidi mita 3 na urefu ni karibu mita 6, kuta ni za chokaa, sakafu ni ya saruji yenye mkeka mmoja, na mimi hukaa kwenye kiti. Spika zimewekwa chini sakafuni, huku na huku ya kabati, na mke wangu amezifunika vitambaa vya kudarizi kwa sababu ya vumbi. Muuza vyombo mmoja pale Darajani ameniambia dawa ni kununua amplifaya mpya. Kabla sijatoa fedha, naomba ushauri wa wanaojua.

Fundi Redio, Wete

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Fedha zako zibaki mfukoni, kwa sababu amplifaya ikichoka mara nyingi hukwaruza, huvuma au hunyamaza upande mmoja. Si kawaida yake kula sauti nyembamba peke yake ikaacha besi salama. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni vile vitambaa, na shemeji aniwie radhi. Wimbi la sauti ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa takriban mita 3.4, kwa hiyo kitambaa kwake si kitu, lakini wimbi la Hz 10,000 lina sentimita 3.4 tu na linanaswa kirahisi na nguo nzito yenye nyuzi za darizi. Sauti hizo za juu, tofauti na besi inayozunguka chumba kizima, hutoka kwenye twita zikienda mbele kama mwanga wa tochi. Spika zako ziko sakafuni nawe umekaa kitini, masikio yakiwa kama mita moja kutoka chini. Maana yake twita zinaimbia magoti yako. Zipandishe juu ya viti au masanduku imara mpaka twita zilingane na masikio, zisogeze mbele ya ukuta kwa sentimita 40 hivi, kisha zigeuze kidogo zikuelekee.

Baada ya hapo geukia waya. Kwetu visiwani hewa ya chumvi haina huruma na shaba, na mara nyingi nafungua vibanio vya nyuma ya spika nikakuta nyuzi zimevaa ukijani mtupu. Zima amplifaya, kata ncha ya waya, menya sentimita moja mpya inayong'aa, pindapinda nyuzi vizuri na uzirudishe. Ukiwa hapohapo, amplifaya ikiwa bado imezimwa, zungusha vitufe vyote vya sauti mara 20 au 30 huku na huku, kwa sababu ndani yake nako huota uchafu.

Hatimaye sikiliza kila spika peke yake, sikio likiwa karibu na twita. Ukiona moja imefifia kuliko mwenzake, badilisha waya za kushoto na kulia pale kwenye amplifaya. Ufifizi ukihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye amplifaya au sidii. Ukibaki kwenye spika ileile, ni yake mwenyewe, na hapo tutazungumza habari za kapasita, kile kifaa kidogo cha umeme kilicho ndani ya spika. Trebo irudishe katikati kabla ya yote haya, maana kitufe kile hakileti kilichopotea, kinapandisha tu kilichopo, pamoja na makelele yake.

Mwalimu Mstaafu, Chake Chake

Nakubaliana na Fundi kuhusu vitambaa, ila naona amekipita chumba haraka mno. Nyumba za mawe zilijengwa vyumba vyembamba kwa kuwa upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na kuta mbili za chokaa zinazotazamana kwa karibu hurushiana sauti kama watoto wanaorushiana mpira. Ndugu Msikilizaji asimame katikati ya chumba na kupiga kofi moja kavu. Akisikia mlio mwembamba unaotetemeka kwa muda mfupi baada ya kofi, basi kila mguso wa risha anaousikia unafuatwa na nakala zake kadhaa kutoka ukutani, na nakala hizo ndizo zinazogeuza uwazi kuwa ukali. Si lazima anunue kitu: rafu ya vitabu, isiyopangwa sana, kwenye ukuta mmoja wa ubavuni, na busati nene mbele ya spika, vitapunguza ugomvi huo. Asijaze tu mapazia kila upande, maana chumba kilichovikwa nguo tupu nacho huua sauti.

Pia jambo dogo lililonichukua miaka kulitambua: panka. Mvumo wake huenea hasa kwenye sauti nyepesi, zile zilezile za kuisha kwa noti na za pumzi ya mpiga nai (filimbi ya mwanzi). Nikitaka kusikiliza kwa dhati nazima panka kwa nusu saa na kuvumilia jasho.

Kuhusu masikio yetu wenyewe, kijana mwenye afya husikia hadi karibu na Hz 20,000, lakini sisi tuliovuka miaka 50 wengi wetu tumeshaziaga zile za juu kabisa. Hilo lisikuvunje moyo, kwani noti ya juu kabisa ya ganuni haifiki hata Hz 2,000. Mwangaza wake unatoka kwenye vipande vidogo vya sauti vilivyo juu ya noti, na sehemu kubwa ya vipande hivyo bado tunaisikia.

Mtunza Kaseti, Michenzani

Nami naongeza neno kwa upande wa chanzo. Ukitaka kupima spika, usitumie nyimbo zilizobanwa kupita kiasi. MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi hukatwa juu ya Hz 16,000 hivi, na vitoazi vya rika huwa vya kwanza kuharibika kwa kugeuka mchirizo wa maji. Sidii yako inatosha kabisa. Tena usizidai rekodi za kale kitu zisichokuwa nacho: Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mashine za wakati huo hazikuwa na uwezo wa kunasa sauti za juu tunazozizungumzia hapa, na ukilazimisha kwa trebo utavuta mikwaruzo ya santuri tu. Kwa upande wa kaseti, pamba yenye spiriti ya duka la dawa juu ya kichwa cha kusomea imewahi kunirudishia fidla niliyodhani imeshakufa.

Msikilizaji wa Mkunazini

Ahsanteni sana. Vitambaa vimeondolewa baada ya mazungumzo marefu ndani ya nyumba, na sasa vinafunika spika wakati haziimbi. Nimezipandisha juu ya masanduku mawili, nikakata ncha za waya, ambazo kweli zilikuwa kijani. Upande wa kushoto risha imerudi, wallahi nilikaa kimya. Upande wa kulia bado umefifia, na nilipobadilisha waya kwenye amplifaya ufifizi ulibaki kwenye spika ileile.

Fundi Redio, Wete

Basi tumemkamata. Fungua parafujo za twita, ivute nje taratibu na usiguse kile kikofia cha mbele. Chomoa waya mmoja ili kipimo kisipitie njia nyingine, kisha pima twita kwa mita ya umeme: ikiwa ni ya omu 8 (kipimo cha upinzani wa umeme), utapata kama omu 6 hivi. Mita isiposoma kitu, twita imeungua, na kinachoziua sana ni amplifaya ndogo kukamuliwa mpaka ikapasuka sauti. Ikisoma vizuri, mtazame kapasita anayeilinda twita dhidi ya besi. Wale wa zamani wa majimaji hukauka kwa miaka, upinzani wao ukapanda, na twita ikapata makombo. Weka mpya yenye namba ileile ya maikrofaradi (kipimo cha ukubwa wake) na volti isiyopungua ya zamani, ya plastiki ukiipata, na usikubali kuuziwa ile yenye alama ya chanya na hasi. Badilisha ya kushoto pia hata kama ni nzima, la sivyo spika zako hazitafanana.

Msikilizaji wa Mkunazini

Narudi na majibu. Twita ya kulia imesoma omu 6.1, na kapasita ilikuwa ya maikrofaradi 4.7, ncha yake moja imevimba kama jipu. Fundi wa mtaani kwetu ameunga kwa risasi kapasita mbili mpya, kushoto na kulia, kwa gharama isiyofika hata robo ya bei ya amplifaya niliyoambiwa ninunue. Jana usiku trebo ikiwa katikati, rika ilisikika kitoazi kwa kitoazi, na katika wimbo mmoja nilimsikia mpiga ganuni akivuta pumzi kabla ya kuanza, jambo ambalo sikuwahi kulijua kwa miaka yote niliyokuwa na sidii hiyo. "Sh" ya mwimbaji bado ina ukali kidogo ninapokaa karibu na ukuta wa dirishani, kwa hiyo rafu ya vitabu itahamia huko Ijumaa. Suala la panka, Mwalimu, tumeliahirisha, kwa kuwa mwenzangu amesema vitambaa vilitosha.