Ushauri: teleskopu ya kuangalia Kilimia, nipo Arusha

baba_wawili
Wakuu habari za jioni. Nipo Sakina, kijana wangu yupo darasa la sita, babu yake kamwonyesha Kilimia, lile kundi la nyota, basi sa hivi hatulali, kila jioni ni baba nataka niione kwa karibu. Kuna jamaa mjini anauza teleskopu lenzi yenye upana wa milimita 60, boksi limeandikwa inakuza mara 500, anataka laki nne. Nichukue au napigwa?

LenziKubwa
Unapigwa mkuu. Lenzi ya 60 ikijitutumua sana ni mara 120, zaidi ya hapo ni ukungu tu. Na kwa Kilimia hata hiyo 120 ni hasara, maana kundi lenyewe ni pana, karibu upana wa miezi minne mipevu ukiipanga mstari, sasa ukikuza hivyo unabaki na nyota mbili tatu na kundi hulioni tena. Tafuta bainokula, ile darubini ya macho mawili, 10x50, yani inakuza mara 10 lenzi mm 50, hata mtumba, waulize madereva wa utalii. Zile nyota sita za macho zinageuka makumi. Galileo, yule mwanafalaki wa Italia, mwaka 1610 na kiteleskopu chake alichora 36.

mama_Soweto_Moshi
7x50 inatulia zaidi mkononi kwa mtoto. Alale chali kwenye mkeka.

Mzee_Machame
Haraka ya nini baba, Aprili hii? Giza likiingia Kilimia kiko chini magharibi, saa mbili au tatu usiku hivi kimezama, na mawingu haya ya masika sahau. Mei ndo hakionekani kabisa, kiko upande wa jua. Wahenga walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kweli mwishoni mwa Juni kinatokea alfajiri mashariki. Ila raha yake Novemba, jua likizama chenyewe kinapanda, kinakesha. Januari jioni tazama kaskazini juu kabisa, juu ya Meru yenu.

baba_wawili
Shukrani mzee. Dogo anauliza mbona zina ubluu?

LenziKubwa
Changa na za moto sana, kama miaka milioni 100 hivi, jua letu lina bilioni 4.6. Mwanga anaouona uliondoka kule miaka kama 440 iliyopita, enzi Wareno wanatamba pwani.

baba_wawili
Laki nne imerudi mfukoni. Mwenye bainokula mtumba anicheki inbox, hata Moshi nafuata.