Mjadala: Je, farasi mchanga anayegoma uwanjani achapwe?

Mleta mada, Mafinga

Ndugu wachangiaji, tulipozungumzia wanyamakazi, mwenzetu mmoja alisema kwamba farasi wa miaka minne anayesimama katikati ya uwanja na kukataa kusonga anampima bwana wake, na kwamba dawa yake ni fimbo hapo hapo. Hoja hiyo ina wafuasi wengi hapa Nyanda za Juu Kusini, ambako farasi ni wachache na wengi wetu tumejifunza kufunza mnyama kwa maksai wa plau. Mimi naipinga.

Kabla ya kumwita mkaidi, mkague. Kati ya miaka miwili na nusu na mitano farasi hubadilisha meno, hivyo lijamu, kile chuma cha mdomoni, inaweza kumuumiza. Mifupa ya mgongo wake huendelea kukomaa hadi karibu miaka sita. Na akilishwa nafaka nyingi huku akikaa saa nyingi bila majani, hupata vidonda vya tumbo kwa urahisi. Katika shamba moja la Mufindi nilimtazama farasi aliyetembea vizuri hadi mkanda wa tandiko ulipokazwa: alilaza masikio, akapeleka meno ubavuni, na alipofika uwanjani akagoma. Tandiko lilikuwa la farasi mpana zaidi, likimkandamiza nyuma ya bega. Fimbo ingemfundisha nini?

Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Annika Schleu wa Ujerumani, aliyekuwa akiongoza pentatloni ya kisasa (mchezo wa kupigana kwa upanga, kuogelea, kupanda farasi, kulenga shabaha na kukimbia), alipangiwa kwa kura farasi Saint Boy, ambaye tayari alikuwa amemgomea mshindani mwingine, akapewa dakika 20 tu za kumzoea. Farasi akagoma, mjeledi ukatumika bila mafanikio, na kocha Kim Raisner, aliyempiga farasi huyo kwa ngumi, akaondolewa mashindanoni. Baada ya Paris 2024 upandaji farasi ukafutwa katika mchezo huo.

Mchangiaji, Mbozi

Ndugu mleta mada, kuhusu meno na tandiko sina ubishi, lakini umelikwepa swali gumu. Farasi mzima, asiyeumwa popote, akigoma na mpandaji akashuka na kumrudisha bandani, kesho atagoma mapema zaidi, kwa kuwa kugoma kumemlipa. Sisi tunaofunza maksai tunalijua hilo: dume changa likilala mtaroni ukalifungua nira, umeliharibu. Tena farasi ana kilo 400 na zaidi. Akimkanyaga kijana wa kazi, utamweleza nini mama yake?

Mleta mada, Mafinga

Hilo la kumrudisha bandani umesema kweli, na ndilo kosa la wapole wengi. Lakini ukikubali kwamba kinachomfundisha ni nafuu anayoipata, basi itumie nafuu hiyo. Mbonyeze kidogo kwa mguu, na mara tu anapoinua kwato moja, achia; omba hatua ya pili, achia tena. Akikataa kwenda mbele, mwombe jambo dogo analoliweza, kama kugeuka pembeni, kisha mtoe uwanjani baada ya kulifanya, si baada ya kugoma. Wengine humfanyisha kazi nje na kumpumzisha ndani ya uwanja, nami nimeona ikifaa. Hata ninyi Mbozi humfunga dume changa pamoja na maksai mzoefu. Kwa nini farasi naye asitanguliwe na mwenzake mtulivu?

Fimbo ya kugusa siikatai. Ya kuadhibu ndiyo ninayotaka wenye viwanja waikataze wenyewe, kwa maana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, lakini hakuna askari atakayekuja Mafinga kuhesabu viboko. Wewe, ndugu yangu, ungemruhusu mpandaji achape mara ngapi kabla ya kumwita daktari wa mifugo?