Majilio yanapita bila kuonekana: tuyarudisheje nyumbani?

Mama wa Tegeta:

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo linalonisumbua kwa miaka kadhaa. Tunaishi Dar es Salaam, na kila mwaka tunakwenda Moshi kula Noeli na wazazi, kwa hiyo tangu mwisho wa Novemba nyumba yetu huendeshwa kwa hesabu: tiketi za basi zikatwe kabla hazijaisha, kikoba kivunjwe na fedha igawanywe kati ya safari na ada ya Januari, watoto washonewe nguo, na katikati ya hayo zinafika kadi za michango ya harusi na sendofu. Mwaka jana, katika misa ya mkesha, padri aliposema kwamba safari yetu ya majuma manne ya Majilio imefika mwisho, nilitambua kwamba mimi sikuwa nimeianza. Nilihudhuria Jumapili zote nne, nikaiona zambarau altareni, lakini sikumbuki hata somo moja. Binti yangu wa miaka tisa aliponiuliza Majilio ni nini, nilimjibu kwamba ni kujiandaa kwa Noeli, naye akaniuliza, huku akitazama mabegi yaliyopangwa sebuleni, kama ndiko huku kujiandaa. Sikuwa na la kumjibu. Ningemwambia nini?

Katekista mstaafu:

Milele na milele, amina. Mwanangu, jibu ulilompa mtoto si kosa, ila ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo wengi wetu tumeipoteza. Neno lenyewe linatokana na kuja, na Kanisa katika majuma haya linatazama kuja kwa Bwana kwa namna zaidi ya moja. Kuanzia Jumapili ya kwanza hadi tarehe 16 Desemba, masomo na sala hutuelekeza hasa kwenye kurudi kwake katika utukufu. Ni kuanzia tarehe 17 ndipo liturujia inapogeukia waziwazi Bethlehemu. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alihubiri juu ya kuja kwa namna tatu: alivyokuja katika mwili, atakavyokuja kuhukumu, na kati ya hizo mbili, anavyokuja kwa siri moyoni mwa mtu. Kuja huko kwa katikati ndiko kunakotupita tukiwa kwenye foleni ya tiketi.

Mwaka huu Majilio yanaanza tarehe 30 Novemba 2025, na kwa kuwa tunaingia Mwaka A, yaani wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya misa, Injili ya siku hiyo ni Mathayo 24, kuanzia aya ya 37. Isome polepole kabla ya kwenda kanisani. Bwana anasema kwamba katika siku za Nuhu watu walikuwa wakila na kunywa, wakioa na kuolewa, na hawakutambua hata gharika ikaja. Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi, na bado linanishtua kwamba hakutaja uzinzi wala wizi. Alitaja sherehe, tena zile zile ambazo kadi zake zimo mezani pako. Hakuna ubaya katika kuoa na kula pilau. Kilichowaangamiza ni kutotambua. Kwa hiyo usijilaumu kwa mabegi, bali mwulize binti yako: tukifika Moshi, tunamkuta nani? Akijibu kwamba ni babu na bibi, mwambie kwamba na wao, pamoja nasi, wanamngoja mwingine.

Mlutheri wa Arusha:

Bwana Yesu asifiwe. Kwetu msimu huu huongezewa shughuli za kipaimara, ambazo katika sharika nyingi huangukia Novemba na Desemba, kwa hiyo ninaelewa uchovu wako, dada. Kilichoisaidia nyumba yangu ni shada la Majilio, yaani duara la majani lenye mishumaa minne, na ninapenda kueleza asili yake kwa sababu inahusu watoto. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa na makao ya watoto maskini mjini Hamburg, alichoka kuulizwa Noeli itafika lini, akachukua gurudumu la mkokoteni na kupanga juu yake mishumaa midogo kwa siku za kazi na minne mikubwa kwa Jumapili. Nasi tunawasha mmoja Jumapili ya kwanza, miwili ya pili, na kuendelea hivyo, huku mtoto akisoma aya chache. Mtoto huona kwa macho yake kwamba kungoja kuna hatua.

Msafiri wa Desemba:

Naomba kutofautiana kidogo na ndugu yangu wa Arusha. Dada huyu amezidiwa na mambo, na mshumaa nao waweza kugeuka kitu kingine cha kununua. Mimi ningemshauri apunguze. Yohana Mbatizaji, ambaye husikika sana katika Jumapili hizi, alipoulizwa na makutano wafanye nini, alijibu kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Kabla hamjashona nguo mpya, fungueni kabati pamoja na watoto.

Mama wa Tegeta:

Nimewasoma wote na ninawashukuru kwa moyo. Kabati tutalifungua, na jirani yetu mwenye watoto watano hatakosa chochote. Mshumaa nao tutawasha, hata kama ni wa kawaida wa dukani. Limebaki swali moja kwa katekista: tarehe 21 Desemba, Jumapili ya nne, tutakuwa njiani na basi letu linaondoka alfajiri. Misa tutahudhuria Jumamosi jioni, lakini ndani ya basi tusali nini?

Katekista mstaafu:

Mwanangu, kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba kuna antifona saba za kale, yaani nyimbo fupi za sala, na ile ya tarehe 21 inamwita Kristo Mawio, ikimsihi aje awaangaze wakaao katika giza na uvuli wa mauti. Huimbwa katika masifu ya jioni, lakini hakuna atakayewakataza kuisali asubuhi, mkiwa mmeshapita Kibaha, jua linapochomoza nyuma yenu. Mpe binti yako kiti cha dirishani.